AFYA: Maradhi ya mishipa ya damu miguuni na jinsi yanavyotibiwa

MZEE anayetoka nyumbani asubuhi akielekea sokoni, akatembea hatua mia mbili tu kisha akalazimika kusimama kando ya barabara kwa sababu tafu la mguu limebana kama lililofungwa kamba, huwa na maelezo tayari. Ni uzee, husema. Au ni baridi ya jana, au ni yale maradhi ya viungo yaliyomsumbua mamake. Husimama dakika tatu au nne akijifanya anatazama bidhaa za wachuuzi, maumivu yakatulia, akaendelea na safari yake. Baada ya hatua zizo hizo mia mbili, maumivu hurejea.

Kwenye duka la dawa hupewa vidonge vya kutuliza maumivu. Mwaka mmoja au miwili baadaye hupata kidonda kwenye kidole cha mguu, kidonda kisichotaka kupona. Anapofikishwa hospitalini, kidole kimekwisha kuwa cheusi na mazungumzo ni ya kukata mguu.

Baina ya hatua zile mia mbili na kisu cha daktari huwa kuna muda mrefu, aghalabu miaka, ambao mguu huo ungeweza kuokolewa. Maradhi yenyewe ni kuziba kwa ateri zinazopeleka damu miguuni. Sehemu kubwa ya tiba yake haihitaji chumba cha upasuaji wala mitambo ya mamilioni ya pesa, bali humtaka mhudumu wa afya amvue mgonjwa viatu na kutafuta mapigo ya damu kwa vidole vyake.

Wajerumani wana jina la mzaha kwa hali hii: huiita maradhi ya madirisha ya maduka, kwa kuwa mgonjwa husimama kila baada ya muda mfupi kana kwamba anatazama vitu vinavyouzwa. Mzaha huo una ukweli ndani yake. Maumivu ya ateri iliyoziba yana nidhamu ya ajabu. Huja mtu anapotembea, huja baada ya umbali ule ule, na huisha kwa dakika chache anaposimama tu, bila hata kuketi.

Njia inayopungua upana

Moyo husukuma damu yenye oksijeni kupitia kwa ateri, nazo vena huirejesha. Ateri yenye afya ni laini kwa ndani na hupanuka kila misuli inapodai damu zaidi. Miaka inavyosonga, hasa kwa mvutaji sigara, mwenye kisukari, mwenye shinikizo la juu la damu, mwenye figo dhaifu au mwenye lehemu nyingi mwilini, utando wa ndani wa ateri hujeruhiwa kidogo kidogo. Mafuta hujipenyeza chini ya utando huo, chembechembe za kinga hukusanyika hapo, kovu na chokaa hufuata, na njia ya damu ikapungua upana.

Misuli iliyotulia huhitaji damu kidogo, na hata ateri iliyobanwa huweza kuitosheleza. Upungufu hudhihirika katika mwendo. Tafu ndilo hulalamika zaidi kwa sababu ateri ya paja inayolilisha ndiyo huziba mara nyingi. Yule ambaye ateri zake zimeziba juu zaidi, tumboni au nyongani, huumwa matako na mapaja, na mwanamume huenda akapoteza nguvu za kiume.

Makadirio yaliyochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2013 yalionyesha kuwa kufikia mwaka 2010 watu milioni 202 duniani walikuwa wakiishi na maradhi haya, na karibu asilimia 70 kati yao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa hivyo haya si maradhi ya matajiri wa Ulaya pekee, ingawa vitabu vingi vya tiba viliyaeleza hivyo kwa miaka mingi.

Jambo moja huwashangaza wagonjwa. Mtu anayeumwa tafu anapotembea huogopa kukatwa mguu, ilhali tisho kubwa zaidi kwake ni moyo na ubongo. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2007 ulioandaliwa na vyama vya wataalamu wa mishipa ulieleza kuwa, kati ya wagonjwa wenye maumivu ya kutembea pekee, ni asilimia 1 hadi 3 tu wanaokatwa mguu katika kipindi cha miaka mitano. Wanaopata mshtuko wa moyo au kiharusi katika muda huo ni wengi mara kadhaa kuliko hao. Mafuta yaliyoziba ateri ya paja hayakuchagua paja. Yamo pia katika ateri za moyo na za shingo. Daktari anayetibu mguu bila kuufikiria moyo ameifanya nusu ya kazi.

Vidole na mkanda

Uchunguzi huanza kwa macho na vidole. Mapigo hutafutwa kinenani, nyuma ya goti, nyuma ya kifundo cha ndani cha mguu na juu ya wayo. Yanapohisika vyema kote, uwezekano wa kuwa ateri zimeziba vibaya hupungua sana. Yanapokosekana, swali lazima liulizwe, ijapokuwa kuna watu wachache wenye afya njema ambao tangu kuzaliwa mpigo wa juu ya wayo hauhisiki.

Vitabu vya tiba husema kuwa mguu usio na damu huwa mweupe. Maelezo hayo yaliandikwa kwa kuwatazama Wazungu. Kwa Mwafrika, rangi hiyo hutafutwa katika wayo na chini ya kucha, na hata hapo ni rahisi kuikosa. Daktari makini hulinganisha miguu yote miwili kwa mgongo wa kiganja chake: upi baridi zaidi? Kisha huuinua mguu kwa dakika moja au mbili mgonjwa akiwa amelala chali, akatazama wayo ukififia, halafu akaushusha na kungoja damu irudi. Mguu mzima hurejewa na damu upesi. Ule ulioziba hukawia, kisha hugeuka mwekundu uliokoza.

Baada ya hapo huja kipimo ambacho kila hospitali ya kaunti ingeweza kukifanya. Mkanda ule ule wa kupimia shinikizo la damu hufungwa kwenye mkono, kisha juu kidogo ya kifundo cha mguu, na kifaa kidogo cha mawimbi ya sauti kiitwacho Dopla hutumika kusikiliza damu inaporejea mkanda ukilegezwa. Kiwango cha juu cha shinikizo cha kifundoni hugawanywa kwa kile cha mkononi. Mtu mwenye shinikizo la 140 mkononi na 84 kifundoni hupata 0.6. Mtu mwenye afya hupata kati ya 1.0 na 1.4. Kuanzia 0.9 kushuka chini, ateri zimeziba.

Kipimo hiki kina mtego mmoja, nao huwanasa hasa wagonjwa wa kisukari na wa figo. Ateri zao huweza kujaa chokaa kiasi cha kwamba mkanda hauwezi kuzibana, na jibu likaja 1.4 au zaidi. Asiyejua husema mguu una damu tele. Kwa wagonjwa hao hupimwa kidole gumba cha mguu badala ya kifundo, kwa kuwa mishipa ya vidole haijazwi chokaa upesi, na uwiano wa 0.7 au chini yake huhesabiwa kuwa si wa kawaida.

Si kila mguu unaouma una ateri zilizoziba. Uti wa mgongo uliobana neva huleta maumivu ya kutembea yanayofanana sana na haya, ila mgonjwa huyo hapati nafuu kwa kusimama. Sharti aketi au ainame mbele, na aghalabu hupanda mlima kwa raha kuliko kushuka. Goti lenye baridi yabisi huuma kuanzia hatua ya kwanza. Vena zilizovimba na kujipinda, ambazo husumbua wengi wanaosimama kutwa kazini, huleta uzito na uvimbe wa jioni unaopungua mguu unapoinuliwa. Mgonjwa wa ateri ni kinyume chake: huuinua mguu ukauma zaidi, akauning'iniza akapata afueni.

Tofauti hiyo si ya darasani tu. Soksi za kubana, ambazo ni tiba nzuri ya vena, zinaweza kuumaliza mguu wenye ateri zilizoziba. Kwa sababu hiyo, mgonjwa mwenye kidonda cha mguu hupimwa mapigo na shinikizo la kifundoni kabla ya kufungwa bendeji ya kubana. Soksi hizi huuzwa madukani bila swali lolote kuulizwa.

Tumbaku, vidonge na uwanja wa shule

Tiba ya kwanza ni kuacha tumbaku. Hakuna kidonge wala upasuaji unaoweza kushindana na hatua hiyo, na upasuaji unaofanyiwa mtu anayeendelea kuvuta huziba tena upesi. Kuna hata aina moja ya maradhi ya mishipa, iliyoelezwa kwa kina na daktari Leo Buerger jijini New York mwaka 1908, ambayo huwapata vijana wavutaji, wengi wao wakiwa hawajafika umri wa miaka 45. Mishipa midogo ya vidole huvimba na kuziba. Wanaoacha tumbaku kabisa aghalabu huokoa viungo vyao. Wanaobakisha hata sigara chache kwa siku huendelea kukatwa, kidole baada ya kidole. Ugoro na tumbaku ya kutafuna havisameheki pia. Kenya iliidhinisha mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2004 na kupitisha sheria yake mwaka 2007, lakini sheria haimsaidii mgonjwa ambaye hakuna aliyemuuliza iwapo anavuta. Kuna dawa na viraka vya nikotini vinavyosaidia mtu kuacha, na ushauri wa dakika chache kutoka kwa daktari huongeza idadi ya wanaofaulu.

Dawa ya pili ni ya kupunguza lehemu, ya jamii ya statini. Utafiti mkubwa uliochapishwa Uingereza mwaka 2002 uliwahusisha watu 20,536, wakiwemo zaidi ya 6,700 wenye maradhi ya ateri za miguu, na ulionyesha kuwa miligramu 40 za simvastatini kila siku zilipunguza mshtuko wa moyo na kiharusi hata kwa wale ambao lehemu yao haikuwa juu sana. Siku hizi atovastatini na rosuvastatini ndizo hutumika zaidi, na zipo za bei nafuu. Mgonjwa hapaswi kuziacha kwa sababu amejihisi vyema. Hazikuwekwa kwa ajili ya kujihisi.

Ya tatu ni ya kuzuia chembe za damu zisishikamane. Aspirini ya kiwango kidogo, kati ya miligramu 75 na 100 kwa siku, imetumika kwa miaka mingi. Klopidogreli ya miligramu 75 ilionekana kuwa bora kidogo katika utafiti wa mwaka 1996, na tofauti hiyo ilikuwa wazi zaidi kwa wagonjwa wa ateri za miguu. Tangu mwaka 2017 kumekuwa na ushahidi kwamba kuongeza rivaroksabani ya kiwango kidogo sana, miligramu 2.5 mara mbili kwa siku, juu ya aspirini hupunguza mishtuko ya moyo, viharusi na kukatwa miguu. Malipo yake ni kuongezeka kwa hatari ya kuvuja damu, kwa hivyo si ya kila mgonjwa, na hainunuliwi kwa kusikia jirani anaitumia.

Shinikizo la damu hushushwa, ikiwezekana chini ya 130 kwa 80, na sukari hudhibitiwa. Hapa ndipo Kenya ina deni. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa shinikizo la damu, na karibu tisa kati ya kumi hawakuwa wamewahi kupimwa sukari. Mtu wa aina hiyo hugundua kuwa ana kisukari siku anapopelekwa hospitalini kwa ajili ya kidonda.

Kisha kuna tiba ambayo wengi huidharau kwa sababu haina chupa wala sindano, nayo ni kutembea. Mgonjwa hutembea hadi maumivu yanapokuwa makali kiasi, husimama hadi yaishe, kisha huanza tena. Hufanya hivyo kwa dakika 30 hadi 60 kila kipindi, siku tatu au zaidi kwa wiki, kwa muda usiopungua majuma 12. Misuli hujifunza kutumia vyema oksijeni kidogo inayoipata, na utando wa mishipa huimarika. Kuna wanaoanza kwa mita 150 na kumaliza majuma hayo wakitembea maradufu bila kusimama.

Katika nchi tajiri zoezi hili hufanywa juu ya mashine, muuguzi akitazama. Mashine si sharti. Uwanja wa shule ya msingi, saa ya mkononi na daftari la kuandika idadi ya mizunguko vinatosha, ingawa utafiti umeonyesha kuwa anayesimamiwa na mtu hufaulu zaidi kuliko anayeachwa peke yake. Kijana wa nyumbani anaweza kupewa kazi hiyo. Asiyeruhusiwa kufanya zoezi hili ni yule mwenye kidonda mguuni au anayeumwa mguu hata akiwa amelala. Huyo anahitaji hospitali upesi.

Dawa iitwayo silostazoli, miligramu 100 mara mbili kwa siku, humwongezea mgonjwa umbali wa kutembea, lakini ni marufuku kwa mwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu ipasavyo. Vidonge vya kutuliza maumivu kama diklofenaki havina msaada wowote kwa ateri iliyoziba, na vikimezwa kwa miezi huumiza figo, hupandisha shinikizo na kuuongezea moyo hatari.

Mguu usiolalamika

Kisukari hubadilisha kanuni zote zilizotajwa hapo juu. Neva za miguu hufa ganzi, na mgonjwa hapati yale maumivu ya tafu ambayo yangemwonya. Hukanyaga msumari akaendelea kutembea. Huvaa akala mpya zinazomchubua kutwa nzima, akaona damu jioni anapozivua. Kidonda ambacho kwa mwingine kingepona kwa wiki mbili hukosa damu ya kukilisha na kinga ya kukipigania.

Kupima ganzi hakuhitaji vifaa vya bei. Kliniki zilizo na uzi maalumu wa plastiki, unaojikunja unapobonyezwa kwa uzito wa gramu 10, huutumia. Zisizo nao zinaweza kutumia njia iliyoelezwa na madaktari wa Ipswich, Uingereza, mwaka 2011: mgonjwa hufumba macho, na ncha za kidole cha kwanza, cha tatu na cha tano za kila mguu huguswa taratibu kwa kidole kwa sekunde moja au mbili. Asiyehisi mahali pawili au zaidi kati ya pale sita yumo hatarini. Kipimo hicho humalizika kabla ya mgonjwa kumaliza kueleza shida zake.

Nyumbani, mwenye ganzi hukagua nyayo zake kila jioni, kwa kioo au kwa macho ya mjukuu. Hapaswi kutembea pekupeku hata ndani ya nyumba. La muhimu zaidi, na ndilo linalovunjwa mara nyingi kwa nia njema, ni kutokanda mguu kwa maji moto, kutoulaza kando ya jiko na kutoufunga chupa ya maji ya moto. Mguu usiohisi huungua bila mwenyewe kujua, na ngozi iliyoungua juu ya ateri iliyoziba haiponi.

Kuzibua au kuipitisha damu kando

Mgonjwa anayeamshwa usiku na maumivu ya wayo, akauning'iniza mguu kitandani au akalala kitini ili apate usingizi, amevuka mpaka. Vivyo hivyo mwenye kidonda kisichopona kwa wiki mbili au sehemu iliyooza. Mwongozo ule wa mwaka 2007 ulikadiria kuwa, katika hatua hii, baada ya mwaka mmoja karibu robo ya wagonjwa huwa wamekatwa mguu na robo nyingine wamefariki. Hapa vidonge pekee havitoshi. Damu lazima irudishwe, na swali ni kwa njia gani.

Njia ya zamani ni kuipitisha damu kando ya kizuizi. Jijini Paris mwaka 1948, daktari Jean Kunlin alitoa vena ndefu ya mguu wa mgonjwa mwenyewe na kuishona juu na chini ya mahali palipoziba. Vena ina vilango vinavyoruhusu damu kwenda upande mmoja tu, kwa hivyo aliigeuza juu chini. Upasuaji huo ungali unafanywa, na vena ya mtu mwenyewe ingali inashinda mirija ya viwandani, hasa inapobidi kufika chini ya goti.

Njia ya pili ilianzia Portland, jimbo la Oregon nchini Marekani. Mnamo Januari 16, 1964, ajuza wa miaka 82 ambaye vidole vyake vya mguu vilikuwa vimeoza alipelekwa kwa daktari wa eksirei Charles Dotter. Madaktari wa upasuaji walikuwa wamependekeza akatwe mguu, naye akakataa. Dotter alipenyeza waya katika ateri ya paja iliyobana, akafuatisha mirija minene kidogo juu yake, na njia ikapanuka. Mguu ulipata joto, kidonda kikapona, na ajuza huyo aliutembelea mguu wake hadi alipofariki kwa maradhi mengine miaka michache baadaye. Ukaidi wake una sehemu katika historia hiyo kama ulivyo ustadi wa Dotter. Miaka 10 baadaye Andreas Grüntzig, jijini Zurich, aliweka puto badala ya mirija. Puto hilo, na vyuma vya wavu vinavyoachwa ndani ya ateri, ndiyo tiba inayofanywa zaidi leo, mgonjwa akiwa macho na jeraha likiwa tundu dogo kinenani.

Ipi bora? Wataalamu walibishana kwa miongo kadhaa, na majibu mawili makubwa yalipokuja hayakukubaliana kikamilifu. Utafiti uitwao BEST-CLI, uliochapishwa mwaka 2022 na kuwahusisha wagonjwa 1,830, ulionyesha kuwa kwa mwenye vena nzuri ya kutumia, kuanza na upasuaji kulipunguza vifo na madhara makubwa ya mguu: asilimia 42.6 walipatwa nayo, dhidi ya asilimia 57.4 ya walioanza na puto. Mwaka uliofuata, utafiti wa BASIL-2, uliofanywa hasa nchini Uingereza kwa wagonjwa 345 ambao ateri zao zilikuwa zimeziba chini ya goti, ulipata kinyume: waliofanyiwa upasuaji kwanza walikatwa mguu au kufariki kwa asilimia 63, na walioanza na puto kwa asilimia 53.

Kwa daktari anayefanya kazi, maana yake ni kuwa hakuna jibu moja la kila mtu. Vena za mgonjwa hupimwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti, moyo na figo zake hutathminiwa, ramani ya ateri huchorwa, kisha uamuzi hufanywa. Mzee wa miaka 80 mwenye moyo dhaifu huenda akafaidi puto. Mwenye miaka 58, vena safi na miaka mingi mbele yake, huenda upasuaji ukamfaa zaidi.

Kukata kunabaki kuwa tiba halali. Usaha unapopanda na kutishia uhai, au mguu wote ukishakufa, kuchelewesha kisu ni kumuua mgonjwa. Lakini pale ambapo uhai haumo hatarini saa hiyo, mguu usikatwe kabla ateri zake hazijachunguzwa. Mgonjwa na jamaa zake wana haki ya kuuliza: damu imepimwa? Kuna njia ya kuirudisha? Hata inapobidi kukata, damu ikiboreshwa kwanza huwezekana kukata chini ya goti badala ya juu yake, na anayebakiwa na goti lake hutembea na mguu bandia kwa nguvu kidogo zaidi.

Wataalamu wa mishipa nchini ni wachache na wengi wao wamo Nairobi na miji mingine mikubwa. Kwa mgonjwa wa Turkana au Tana River, safari hiyo ndiyo kizuizi cha kwanza kabla ya ateri. Bima ya NHIF iliondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) mnamo Oktoba 2024. Bima yoyote ile haitaokoa miguu iwapo zahanati ya kijijini haijui ni mguu upi wa kupelekwa mbele leo na upi unaoweza kungoja kliniki ya mwezi ujao.

Saa sita

Kuna mguu usiongoja hata kesho. Bonge la damu linalotoka moyoni likanasa katika ateri huufanya mguu uume ghafla, uwe baridi, upoteze rangi na mapigo, kisha ganzi, kisha ushindwe kusogea. Misuli na neva huanza kufa kabisa baada ya takriban saa sita. Aghalabu chanzo ni moyo unaopiga bila mpangilio. Afrika Mashariki kuna chanzo kingine: valvu za moyo zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, ambayo huwafanya hata wanawake wa miaka 30 kupatwa na janga hili.

Mgonjwa huyu hupewa heparini mara moja ili bonge lisiendelee kukua, iwapo hakuna sababu ya kumzuilia, na hupelekwa kwa daktari wa upasuaji bila kungoja vipimo vya ziada. Mguu haukandwi, haupashwi joto, wala hauinuliwi. Kifaa cha kuondolea bonge ni cha kustaajabisha kwa urahisi wake. Thomas Fogarty, Mmarekani aliyekuwa amefanya kazi hospitalini jijini Cincinnati tangu ujana wake, alikata ncha ya kidole cha glavu ya upasuaji na kuifunga kwenye mrija mwembamba kwa mafundo aliyoyajua kutokana na uvuvi wa samaki. Mrija hupitishwa hadi ng'ambo ya bonge, puto hujazwa, na vyote huvutwa nje. Alikitangaza kifaa hicho mwaka 1963, na hadi leo kinatumika duniani kote.

Damu inaporejea ghafla, tafu huvimba ndani ya ngozi yake ngumu na kujinyonga lenyewe. Mara nyingine hupasuliwa kwa urefu ili lipate nafasi. Baadaye mgonjwa huandikiwa dawa za kuzuia damu kuganda, na mwenye valvu iliyobana hutumia wafarini, akipimwa damu mara kwa mara.

Baada ya kutoka hospitalini

Vena iliyoshonwa au ateri iliyopanuliwa huweza kuziba tena, hasa katika mwaka wa kwanza au wa pili. Mgonjwa hurudi kliniki baada ya mwezi mmoja hivi, kisha kila baada ya miezi kadhaa, apimwe mapigo na shinikizo la kifundoni. Nambari ikishuka, huchunguzwa kabla mguu haujaanza kuuma, kwa kuwa kupanua mahali palipobana ni kazi nyepesi kuliko kuufungua mshipa uliokwisha kufunga kabisa. Aspirini au klopidogreli huendelea, statini huendelea, na kutembea kunaanza upya kidonda kinapopona. Kila anaporudi huvuliwa viatu vyote viwili, kwa kuwa aghalabu mguu wa pili nao una maradhi yayo hayo na haujaanza kulalamika.